Kanda 3–8, kanda 5–9, H1C: namba za paketi za mbegu na bustani ya Mbezi Beach

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Mbezi Beach ya chini, kama mita mia saba kutoka baharini. Mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani, alikuja likizo akaniletea mbegu za lavenda (paketi imeandikwa kanda 5–9), matunguu ya tulipu (kanda 3–8) na mizizi ya piyoni (kanda 3–8). Wifi yangu yupo Uingereza, yeye kaniletea mbegu za jeraniumu, zake zimeandikwa H1C. Halafu nina haidranjea nne nilizotoa Lushoto mwaka jana. Kule zilikuwa zimejaa maua, hapa ni majani matupu, na yenyewe yanaungua pembeni. Nimeangalia mtandaoni nikaona Dar iko kanda ya 13. Je, mmea wa kanda 5–9 utakufa hapa? Na nichague nini kinachoendana na baridi ya kwetu?

Jibu: Dada, nianze na hiyo 13. Umeisoma sawasawa, ila inajibu swali ambalo bustani yako haijawahi kuliuliza.

Kanda hizo ni za Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ramani yao ya kwanza ilitoka mwaka 1960, inayotumika sasa ni ya 2023. Wanachukua usiku mmoja tu, ule wa baridi kuliko wote katika mwaka, wanapiga wastani wa usiku huo kwa miaka 30 (ramani ya 2023 imetumia 1991 hadi 2020), kisha wanagawa nchi katika kanda 13. Kila kanda ina upana wa nyuzi 5.6 za Selsiasi, na imekatwa nusu mbili, a na b. Kanda ya 3 ni mahali ambapo usiku huo hufika kati ya -40 na -34.4. Kanda ya 5 ni -28.9 hadi -23.3. Kanda ya 9 ni -6.7 hadi -1.1. Kanda ya 13, ya mwisho kabisa, ni 15.6 hadi 21.1.

Sisi usiku wa Julai kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na ule wa baridi zaidi hupungua kidogo chini ya hapo. Kwa hiyo 13 ni sahihi, na maana yake ni moja tu: hapa hakuna mmea wa bustani utakaokufa kwa baridi. Lavenda yako haitakufa kwa baridi. Itakufa kwa mambo mengine, na hayo ramani haiyapimi.

Rudi kwenye paketi: 5–9. Namba ya kwanza ndiyo inayotoka kwenye ramani. Inasema mmea ukipigwa na usiku wa kanda ya 5 utapoteza majani, utalala, lakini utaamka. Namba ya pili imewekwa na wauza miche kwa uzoefu. Ni pale ambapo mmea ulianza kuwashinda wateja wao wa kusini. Ndani ya hiyo 9 kuna mambo kadhaa yamefungwa pamoja: joto la usiku, kukosa baridi ya kulalia, unyevu, urefu wa mchana. Paketi haikuambii ni lipi kati ya hayo lililoushinda mmea. Ndiyo maana rozimari, ambayo vitabu vingi vya Marekani huiishiza kanda ya 10, huishi miaka mingi Dar ikiwa kwenye chungu chenye mchanga mwingi. Shida yake ilikuwa maji kukaa kwenye mizizi, na hilo unaweza kulizuia. Tulipu ya 3–8 shida yake ni kukosa baridi, na baridi huwezi kuitandaza kwenye udongo wa Mbezi.

Basi paketi ya Marekani isome kuanzia kulia. Ikiishia 11 au zaidi, panda bila wasiwasi. Ikiishia 9 au 10, tafuta kwanza kilichoizuia kabla ya kutoa hela. Ikiishia 8 au chini, mmea huo unahitaji baridi kama unavyohitaji maji, na usiupande ardhini hapa.

Wifi yako naye ameleta namba za kabila lingine. H1C ni kipimo cha chama cha wakulima wa bustani cha Uingereza, RHS, nacho kinakwenda kinyume na cha Marekani: namba ikikua, mmea unavumilia baridi zaidi. H7 huvumilia chini ya -20. H1A haitaki kushuka chini ya 15, H1B ni 10 hadi 15, H1C ni 5 hadi 10. Mwingereza akiona H1 anajua mmea huo majira ya baridi unaingizwa ndani. Mtu wa Dar akiona H1 ndipo anyooshe mkono. Wengi hufanya kinyume, wanachukua H5 au H6 wakidhani namba kubwa ni ya joto kama ile ya Marekani.

Ipo pia ramani ya joto, ambayo kwetu ingefaa zaidi, na ni bahati mbaya kwamba paketi chache tu huitaja. Chama cha bustani cha Marekani, AHS, kiliitoa mwaka 1997. Inahesabu siku za mwaka zinazopita nyuzi 30, ina kanda 12, na ya mwisho ni ya zaidi ya siku 210. Dar, ambako Oktoba hadi Aprili mchana wa 30 na kupita ni jambo la kawaida, inaangukia kwenye zile kanda za juu kabisa. Ukiona kwenye kibandiko namba mbili za jozi, kwa mfano 5–9, 9–1, ile jozi ya pili ndiyo ya joto. Angalia kama inaanza na 12 au 11.

Kwa nini mmea wa baridi haupendezi hapa hata usipokufa

Sababu kubwa ni usiku. Mchana jani linatengeneza sukari, usiku mmea unaitumia kupumua na kukua. Usiku ukiwa wa nyuzi 12, matumizi ni madogo na inabaki akiba ya maua. Februari ya Dar usiku hukaa 24 hadi 26, mmea uliozoea ubaridi unachoma karibu kila ulichopata mchana. Unaona shina jembamba, majani madogo ya kijani hafifu, machipukizi ya maua yanadondoka kabla ya kufunguka. Watu wanaongeza mbolea. Mbolea haisaidii, na ikiwa ni ya naitrojeni nyingi inazidisha majani laini yanayoita wadudu weupe na vidukari.

La pili ni usingizi. Mimea ya Minnesota imejifunza kutoamini siku moja ya jua katikati ya baridi, kwa hiyo machipukizi yake hayafunguki mpaka yahesabu saa za kutosha za ubaridi, kwa kawaida chini ya nyuzi 7. Tufaha nyingi za kawaida zinahitaji saa 800 hadi 1,000. Dar kwa mwaka mzima saa hizo ni sifuri. Na kwa kuwa najua kuna msomaji anayeuza au kununua miche ya tufaha pembezoni mwa Barabara ya Bagamoyo: aina ya Anna inahitaji saa 200 hadi 300, Dorsett Golden karibu 100. Hizo ndizo zenye mahitaji madogo, na bado 100 si sifuri. Mti utakua, utatoa majani nchani mwa matawi, katikati utabaki fimbo tupu, na ukibahatika utapata vitunda viwili vya kupigia picha. Nyanda za juu za Njombe na Makete ndiko kwake. Pwani tuna mtufaa wetu, ule wa tunda jekundu lenye maji na harufu ya waridi, nao haudai saa hata moja.

La tatu ni urefu wa mchana. Kwetu mchana wa Desemba ni kama saa 12 na nusu, wa Juni ni kama saa 11 na dakika 40 na kitu. Tofauti haifiki saa moja. Mmea unaosubiri mchana wa saa 14 au 16 ili ufanye kazi yake utasubiri mpaka uzeeke. Kitunguu maji cha mbegu za kaskazini mwa Ulaya hutoa majani kama vitunguu vya kijani na hakijazi tumbo hata umwagilie vipi, wakati Red Creole, aina ya mchana mfupi, inajaza vizuri. Kwa maua ni hivyohivyo: ukiona kifungashio kimeandikwa kwamba yanachanua katika siku ndefu za kiangazi cha huko, yaache.

Masika na chumvi nitayafikia kwenye udongo.

Sasa ulivyonavyo, kimoja kimoja

*Piyoni.* Usipoteze chungu. Inahitaji wiki nyingi za baridi kali kila mwaka, na mizizi yake ni minene, inaoza kwenye udongo wenye joto na maji. Friji haiwezi kuisaidia kwa sababu ni mmea wa miaka, na ungelazimika kuulaza kila mwaka.

*Tulipu.* Hizi zinawezekana mara moja, kama mchezo wa sebuleni. Weka matunguu kwenye mfuko wa karatasi wenye matundu, kwenye rafu ya friji ya nyuzi 4 hadi 5, kwa wiki 14. Friji hiyo isiwe na matunda. Ndizi, tufaha na embe zikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaua kichipukizi cha ua kilichojificha ndani ya tunguu. Utapata majani bila ua na hutajua kwa nini. Ukiziingiza mwisho wa Machi utazitoa mwanzoni mwa Julai, wakati wetu wa ubaridi. Panda kwenye chungu cha udongo wa mfinyanzi, kina cha sentimita 12 hadi 15, mchanga mwembamba nusu na mboji nusu, kaa nacho barazani kwenye kivuli chenye mwanga. Ua litatoka baada ya wiki tatu hadi tano, na kikonyo kitakuwa kifupi, kwa sababu joto la udongo linaliharakisha ua kabla kikonyo hakijarefuka. Baada ya hapo tupa tunguu kwenye mboji. Halitachanua tena.

Kama kinachokuvutia ni tunguu lenyewe, linalolala ardhini na kuibuka na ua, yapo yanayolala kwa ukame badala ya baridi, na kiangazi kikavu tunacho. Amarilisi nyekundu zile za bustani za zamani. Kriniumu. Zefiranthi, vile viua vyeupe au vya waridi vinavyotokea siku chache baada ya mvua kubwa. Skadoksi, mpira mwekundu wa ajabu unaoibuka kwenye vichaka vyetu vuli inapoanza, kabla hata ya majani. Ni wa kwetu kabisa, na kuna watu wanaukanyaga wakienda kutafuta tulipu. Matunguu ya mimea hii yana sumu, kwa hiyo yakae mbali na watoto, na yasichanganywe na vitunguu jikoni.

*Lavenda.* Paketi ya 5–9 kwa kawaida ni lavenda ya Kiingereza, angustifolia. Mbegu zake huota vizuri zaidi zikilala friji wiki tatu hadi nne ndani ya mchanga wenye unyevu kidogo, basi hapo hakuna tatizo. Tatizo linaanza Aprili. Hewa yenye unyevu, usiku wa joto na mvua za mfululizo vinaozesha shina usawa wa udongo. Tawi moja linageuka kahawia, wiki inayofuata nusu ya mmea, kisha wote. Ukitaka lavenda kwa nguvu, tafuta ile ya majani yenye meno meno, dentata. Chungu cha sentimita 30, mchanga mkubwa au kokoto ndogo sehemu mbili kwa mboji sehemu moja, juu ya udongo tandika kokoto nyeupe sentimita 3 ili shina likauke haraka, na kuanzia katikati ya Machi ihamie chini ya paa mahali penye jua na upepo. Harufu utaipata kwenye majani. Maua ni machache.

Kwa ukingo wa zambarau wenye harufu, panda kivumbasi na mrehani wa maua ya zambarau. Nyuki watakushukuru, mbu watasogea mbali, na mbegu zinaota zenyewe.

*Jeraniumu.* Hizi ndizo mbegu bora kati ya zote ulizoletewa. Zisie mwezi Mei, barazani, joto likiwa limepungua. Zinaota vizuri kwenye nyuzi 21 hadi 24, na juu ya 27 nyingi zinagoma. Kutoka mbegu hadi ua ni miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo utazifurahia Agosti mpaka Oktoba. Maji asubuhi tu, usimwagie majani, na usiweke sahani chini ya chungu. Joto la kaskazi likija zitachoka. Zichukue kama maua ya msimu. Ukitaka kuziendeleza, kata vipandikizi vya sentimita 8 Septemba, uvilaze kivulini siku moja vikauke kidonda kabla ya kupanda.

*Haidranjea.* Hapa ndipo kisa kizima kinaonekana. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kama nyuzi 0.65, kwa hiyo kati ya Lushoto na Mbezi Beach kuna tofauti ya nyuzi kama 9. Kwa hesabu za Wamarekani hiyo ni kanda moja na nusu, umeivuka kwa gari la asubuhi. Haidranjea hutengeneza chipukizi la ua nchani mwa tawi pale usiku unapokaa chini ya nyuzi 18 kwa wiki sita hadi nane. Lushoto zinazipata kirahisi. Dar tunakosakosa kwa unywele: Julai inagusa 18 au 19. Goba na Pugu, juu kidogo na mbali na bahari, usiku una nafuu, ndiyo maana unaweza kusikia mtu wa huko anapata vichwa viwili vitatu. Wewe uliye mita mia saba kutoka majini, bahari inakupashia joto usiku kucha.

Usizing'oe bado. Zihamishie upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua mpaka saa 3 asubuhi basi, baada ya hapo kivuli. Weka matandazo ya majani makavu sentimita 5 hadi 8 bila kugusa shina. Usikate ncha yoyote kuanzia Machi mpaka Oktoba, kwa sababu ukikata ncha umekata ua. Kuungua pembeni mwa majani ni chumvi au jua la mchana, na mara nyingi vyote viwili. Zisipochanua kufikia mwisho wa mwaka, mgawie ndugu aliyeko Lushoto au Arusha, na mahali pake panda iksora au pentasi. Pentasi ni mmea wa Afrika Mashariki, unatoa vichwa vya maua madogo madogo mwaka mzima, na vipepeo hawaondoki hapo.

Baridi yetu na kazi yake

Umeuliza nini kinafaa baridi ya kwetu. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni dirisha, litumie kama dirisha: ndio miezi ambayo maua ya msimu ya nchi za baridi yanaweza kumaliza maisha yake hapa bila kuteseka. Kwa mimea ya msimu mmoja namba ya kanda haina maana yoyote, kwa kuwa haikusudiwi kuvuka mwaka.

Petunia ndiyo ya kwanza. Mbegu zake ni vumbi. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu, zinyunyize juu ya trei mwishoni mwa Aprili, usizifukie kwa sababu zinahitaji mwanga, funika kwa nailoni safi mpaka ziote, siku 7 hadi 10. Trei ikae chini ya paa. Tone moja la masika linazika mbegu zote kona moja. Hamishia bustanini Juni mvua zikikata, sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Zitachanua Julai hadi Oktoba, na vuli ikianza zing'oe bila huruma. Nastashiamu zisie moja kwa moja ardhini mwezi Juni, udongo usiwe na mbolea, la sivyo utapata majani tu. Zinia, kosmosi na marigoldi hazibagui. Hizo hata Desemba zinakwenda, ila zinia ya masika hushikwa na ukungu mweupe wa majani.

Kosa linaloua miche mingi ya msimu hapa ni kufuata kalenda ya nyuma ya paketi. Imeandikwa sia Machi, mtu anasia Machi. Machi ya Minnesota ni mwisho wa baridi, Machi ya Dar ni joto linaloelekea mvua kubwa.

Kwa mimea ya kudumu, tafuta orodha za mahali panapofanana nasi: pwani za Puerto Rico, ambako nako ni kanda ya 13, na kusini kabisa ya Florida, kanda 10 na 11 kwa sehemu kubwa, kwa tahadhari. Kwa Mbezi Beach ya chini, upande unaopigwa na kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, weka kwanza ukuta wa mimea inayovumilia chumvi: mvinje, mtondoo, mnazi, bogenvilia. Olianda pia inavumilia, na vilevile alamanda kwa kiasi, ila zote mbili zina sumu, fikiria kama una watoto wadogo au mbuzi wa jirani. Nyuma ya ukuta huo ndipo pa franjipani, haibiskasi, iksora, helikonia, yasmini. Adenium ipewe jua kali na chungu kinachokauka. Ni mmea wa nyika zetu na unalipwa pesa nyingi ughaibuni. Mlangilangi upande mbali na ukuta wa nyumba, mita 5 au zaidi, utakuwa mti kamili, na harufu yake ya usiku inafika yenyewe chumbani.

Kwa barazani, mahali pa jeraniumu zikichoka, kuna ile Saintpaulia ya maua ya zambarau na majani ya mahameli. Ilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 kutoka milima ya Usambara na Tanga, na leo Ulaya ni ua la dirishani kwa sababu nje baridi ingeiua. Ipe kivuli, mimina maji chini ya majani badala ya juu yake, maana tone likikaa juu linaacha doa lisilofutika.

Udongo na maji, kabla ya kununua mche mwingine

Chukua kijiko cha udongo mkavu, mwagia siki. Ukitoa povu una chokaa ya matumbawe, jambo la kawaida upande wa bahari. Kwenye udongo huo iksora na haidranjea hupata manjano kwenye jani huku mishipa ikibaki kijani. Chuma kipo, mizizi inashindwa kukichukua. Tiba ni chuma cha aina ya EDDHA, ambacho mizizi huweza kukichukua hata kwenye chokaa, au kupanda kwenye chungu. Kumwaga mbolea ya kawaida ni kupoteza hela.

Maji ya kisima yapime chumvi kwa kipimo cha EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chini ya 0.7 dS/m hayana neno. Kati ya 0.7 na 3 chagua mimea mivumilivu na umwagilie maji mengi kwa mara chache, yateremshe chumvi chini ya mizizi, badala ya kidogo kidogo kila jioni. Juu ya 3, haidranjea na petunia zisahau. Tumia maji ya mvua uliyovuna. Baada ya siku za upepo mkali wa kaskazi, suuza majani kwa maji yasiyo na chumvi asubuhi mapema.

Halafu chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Yakikaa zaidi ya saa nne, inua tuta sentimita 20 hadi 30, la sivyo masika itakutoa machozi. Shimo la mti au kichaka kikubwa liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Panda mvua za kwanza za masika zikiloweka ardhi. Mche uliopandwa Desemba kwa imani ya vuli mara nyingi unakutana na Januari kavu ukiwa bado hauna mizizi, na hapo utadai lita 10 hadi 15 mara mbili au tatu kwa wiki.

Vile viriba na vyungu vyeusi vya plastiki vinavyouzwa navyo miche usiviache juani. Ukuta wa chungu cheusi kilichopigwa na jua la saa 9 alasiri unapasha udongo kupita nyuzi 40, na mizizi ya upande huo inakufa. Mche unanyauka huku udongo una maji, mwenye nyumba anaongeza maji, na kilichobaki kinaoza. Ingiza chungu cheusi ndani ya kingine kikubwa cha mfinyanzi, au kipake chokaa nyeupe.

Ukienda kwa wauza maua, uliza swali moja kabla ya bei: mche huu umekaa Dar tangu lini? Miche mingi mizuri inateremka na lori kutoka Arusha au Lushoto ikiwa na maua tayari, na maua hayo yalitengenezwa huko. Angalia majani mapya ya nchani, yale yaliyozaliwa hapa. Yakiwa madogo na hafifu kuliko ya zamani chini, mmea unateremka. Yakilingana au kuzidi, umekubali. Mche uliovuka Januari na Februari moja hapa mjini una thamani kuliko ulioletwa jana ukiwa na maua mara mbili yake.

Na safari ijayo, mwambie mdogo wako kwamba mizizi, matunguu na mbegu zinahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka, kabla hajazifunga kwenye begi. Vyote viwili viombwe kabla ya safari. Uwanja wa ndege havipatikani.